Nafasi ya Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji ni yangu, miaka minne, serikali inalipa kila kitu. Mkuu wa idara alinikabidhi bahasha mbele ya wodi nzima na hata mkono hakunipa. Alisema tu, "Haya, umepata," kama mtu anayekujulisha kwamba umekanyaga kinyesi.

Sababu naijua. Kwenye mtihani nilikuwa wa pili. Wa kwanza ni yule jamaa ambaye, siku matokeo yalipobandikwa ukutani, nilimbatiza Namba Moja, na mpaka leo simwiti vinginevyo. Alinipita kwa alama kumi na moja. Lakini waraka wa wizara hauna kona: mafunzo ya ubingwa yanayolipiwa na fedha za umma ni ya raia, ambatisha cheti. Namba Moja hana cheti. Wazazi wake walivuka mpaka naye akiwa na miaka mitatu. Amesoma shule zetu na chuo chetu, anaongea kama sisi, anatania kama sisi, ila si raia. Aliomba uraia miaka sita iliyopita na faili lake bado linazungushwa kutoka meza hadi meza.

Sasa nifanyeje, nilie? Waraka sikuuandika mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la chumba cha kubadilishia nguo linavuja, na katika makabati kumi na nne limechagua langu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilidhani Namba Moja atafungasha virago. Thubutu! Mkuu amembakiza kama "msaidizi wa wodi", cheo ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote. Kibali chake cha kazi kinamruhusu kutibu wodini, basi. Kushika kisu hakimruhusu.

Leo nilinawa, nikavaa, nikasimama upande anaosimama mpasuaji. Sista wa chumba cha upasuaji, mama mnene mwenye maneno machache na miaka ishirini na sita humo ndani, akampa kisu Namba Moja aliyekuwa ng'ambo ya meza. Mkono wake ulipita mbele ya kifua changu kana kwamba mimi ni nguzo.

"Sista, aliyesajiliwa ni mimi," nikasema.

"Najua, daktari. Nimekuandika kitabuni."

Na kweli aliniandika. Kitabu cha upasuaji kina safu ya jina la aliyepasua, na jina la asiyesajiliwa haliruhusiwi kuingia humo. Namba Moja akarekebisha henia, akashona, akavua glavu, na kitabuni nikasomeka mimi. Mkuu akatia saini bila kuinua macho.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Halafu, nikiwa natoka kazini, nikakumbuka kwamba wizara inataka niwe na operesheni hamsini kufikia tarehe 31 Mei, la sivyo nafasi inarudi kwao. Hiyo ya leo ndiyo ya kwanza yangu.

Jumanne, 11 Machi

Zimefika nne. Niliyofanya mimi ni moja, jipu.

Jumapili, 16 Machi

Mama ameshamwambia kila jirani, pamoja na wale tusiosalimiana nao, kwamba binti yake anasomeshwa na serikali. Nikamwambia aache, nilikuwa wa pili.

"Wa pili kwa nani?" akauliza. "Kwa mtu wa kuja? Basi kwa watoto wa hapa wewe ni wa kwanza. Usinichoshe."

Hesabu hiyo nimeipenda, na nimejichukia kidogo kwa kuipenda.

Jumatano, 19 Machi

Nilimkuta Namba Moja peke yake kwenye chumba cha chai. Huniita Daktari hata tukiwa wawili, jambo ambalo nalo linanikera.

"Daktari, una kinyongo gani na mimi hasa?"

"Sina kinyongo. Nafuata sheria. Kodi ya watu wa hapa isomeshe watu wa hapa. Serikali ikusomeshe miaka minne, halafu bingwa apande basi arudi kwao?"

"Kwetu wapi?"

"Wewe ndiye unayejua."

Akacheka, si kwa dharau, na hapo ndipo aliponiudhi zaidi. "Mama yangu anauza viatu soko la pale chini tangu nabebwa mgongoni. Kila asubuhi anakuja mtu wa manispaa kumkatia risiti ya ushuru. Miaka yote hiyo hajawahi kumuuliza cheti cha uraia kwanza."

Nikasema chai imepoa. Mtu anayenikosesha jibu namchukia mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Wagonjwa wameteleza, wamevunjika. Kumi na tatu kitabuni.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimejishusha. Mkuu alinisimamia nikifunga mshipa, nikakosea, akanifokea mbele ya wanafunzi: "Serikali inakulipia ufunge viatu?" Kisha akatoka. Huyu ni mtu ambaye husema idara ni familia, na familia yenyewe anaiona dakika kumi kwa siku.

Baadaye nilimfuata Namba Moja wodini, uso nimeukaza, nikamwambia anionyeshe. Hakuuliza swali. Alikata uzi, akaufunga kwenye chuma cha kitanda, akafungua, akafunga tena, pole pole.

"Unavuta fundo la pili kabla la kwanza halijakaa," alisema. "Una haraka. Huogopi damu, unaogopa kutazamwa."

"Nimekuomba fundo, sijakuomba mahubiri."

"Haya, fundo."

Nilifunga mara arobaini. Ya arobaini na moja akaitikia kwa kichwa. Ana mikono mizuri, sina budi kusema. Siku moja nilimwona akimfunga mtoto jeraha huku wanabishana kuhusu mpira, na mtoto akasahau kulia. Naandika hili hapa kwa sababu sitalisema mahali pengine popote.

Ijumaa, 11 Aprili

Thelathini na moja kitabuni. Nikijihesabia kwa haki, kumi na mbili.

Nilimuuliza Sista kama haoni kwamba tunadanganya.

"Mgonjwa anataka mkono," akanijibu. "Wizara inataka jina. Kila mtu nampa chake."

"Na mimi nataka nini?"

"Wewe? Wewe unavipata vyote bila kuomba." Akaniacha nimesimama na beseni.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua siku ya sita. Viatu havikauki. Sina la kuandika.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimefanya peke yangu! Fundi cherehani, mama wa miaka ishirini na minane, kidole tumbo kimevimba. Mkuu hapokei simu siku za Jumapili. Sista yuko mapumziko. Namba Moja alikuwa wodini na mtoto mwenye degedege, hakuweza kumwacha. Nikabaki mimi na mtu wa dawa za usingizi, mzee mwenye mizaha, ambaye naye zamu haikuwa yake. Alibadilishana na mwenzake kwa mdomo, kama tunavyofanya sote. Vifaa nilijipangia mwenyewe mezani.

"Unatetemeka au ni meza?" akaniuliza.

"Ni meza."

"Basi meza hii haijapata chai."

Dakika hamsini. Nilikata, nikafunga kisiki cha kidole tumbo, nikashona. Hakuna aliyepitisha mkono mbele ya kifua changu. Nilitoka nimetanua mabega.

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya mapaa. Nikampitia Namba Moja wodini nikamwambia, "Niandikie maelezo ya upasuaji kwenye faili, nataka nifike nyumbani kabla haijanyesha." Huniandikia mara nyingi, mwandiko wake unasomeka. Nikamsimulia nilichofanya, akaandika. Mvua ilinikuta getini hata hivyo.

Jumanne, 29 Aprili

Yule fundi ana homa. Tumbo gumu. Nimesema ni kawaida. Namba Moja amesema si kawaida.

Jumatano, 30 Aprili

Tumemfungua tena. Mkuu alikuwa kwenye semina, akaagiza kwa simu "fanyeni", hakusema nani. Alifanya Namba Moja, mimi nikashika vivuta vya kupanua jeraha. Usaha ulijaa tumbo zima. Alisafisha kwa saa mbili, maji baada ya maji, hadi akafika chini kwenye kisiki nilichokifunga mimi. Uzi ulikuwa umelegea. Ulikuwa pale tu, umelala, haujashika kitu.

Alinitazama mara moja juu ya barakoa. Kisha akafunga upya na kumwomba Sista maji mengine ya vuguvugu. Ningependa angenitukana. Tusi ningelijibu.

Ijumaa, 2 Mei

Amefariki saa tano asubuhi.

Mumewe alikuja na nguo za kumvalisha akirudi nyumbani, gauni alilojishonea mwenyewe, la kola nyeupe. Aliniuliza, "Daktari, si mlisema ni jambo dogo?" Nilisema ndiyo. Akasubiri niendelee.

Sijawahi kujiona mchafu hivi. Nimeoga mara tatu.

Jumatatu, 5 Mei

Mume ameandika malalamiko. Kamati ya uchunguzi itakuja kutoka wizarani. Mtu wa usingizi ameanza likizo leo, wiki tatu, ameenda kwao ambako simu inashika ukipanda kilimani. Hajui hata kwamba yule mama amekufa.

Alhamisi, 8 Mei

Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akanivutia kiti. Tangu nimjue hajawahi kunivutia kiti.

"Nimesoma faili," alisema. "Kitabu kinakutaja wewe. Lakini maelezo ya upasuaji yana mwandiko wa yule bwana."

"Niliyemwambia aandike ni mimi."

"Sikiliza kwanza. Kila mtu humu ndani anajua nani anapasua na nani anaandikwa. Wakija wataambiwa tu. Sasa ni bora niwaambie mimi: nimesikitishwa kugundua kwamba mtu asiye na kibali amekuwa akishika kisu bila mimi kujua."

"Bila wewe kujua? Saini zote ni zako."

"Nina kazi nyingi, huwa natia saini." Hata aibu hakuona. "Yeye ni mgeni. Watamwambia aondoke, mambo yataisha. Wewe ukianguka, serikali imepoteza nafasi iliyoilipia, na idara imepoteza daktari. Fikiria wagonjwa."

"Nilipasua mimi, Mkuu."

Alitabasamu kwa huruma. Hakuniamini! Mtu huyu amezoea mno kwamba kazi ni ya Namba Moja na jina ni langu, hata nikiua hawezi kukubali kwamba ni mikono yangu.

Damu ilinichemka. Nilitoka pale nikiapa kwamba nitawaonyesha wote.

Jumatatu, 12 Mei

Namba Moja hajaniambia neno kuhusu kamati. Leo tumepita vitanda pamoja, mvua inapiga madirisha, na kwenye kitanda cha tisa nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Utawaambia nini?"

"Kwamba sikupasua mimi."

"Na wakiuliza nani?"

"Nitasema mwenyewe yupo, atajieleza." Akageuza karatasi. "Si utajieleza, Daktari?"

"Nitajieleza."

"Basi."

Aliniamini palepale. Mtu mwenye akili za kushika namba moja!

Jumatano, 14 Mei

Nitaandika yote, maana nikisubiri kesho nitaanza kuyapamba.

Watu watatu nyuma ya meza ya chumba cha mikutano: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, mwanasheria, na karani. Mkuu alikaa pembeni amekunja mikono kama mfiwa. Namba Moja aliitwa kwanza. Mlango ni wa mbao nyembamba, nilisikia kila kitu nikiwa kwenye benchi la nje. Alisema hakupasua. Wakamwonyesha mwandiko. Akasema aliandika kwa kusimuliwa. Mwanasheria akamuuliza je, ni kweli kwamba zipo operesheni nyingine alizofanya na hazina jina lake. Akasema, "Zipo." Angeweza kukana. Wangekosa pa kumshika. Alipotoka alinipita akanigusa bega.

Nikaingia. Kabla sijaulizwa nikasema, "Yule mama nilimpasua mimi. Kisiki nilifunga mimi. Fundo lilikuwa baya."

Mwenyekiti akavua miwani. "Daktari, tunaelewa mnavyolindana. Nilikuwa daktari wodini miaka kumi na nane. Lakini usijitoe kafara kwa ajili ya mtu."

"Sijitoi. Ni kweli."

"Alikuwepo nani mwingine?" akauliza mwanasheria. "Wa usingizi aliyeko kwenye ratiba tumemhoji. Anasema siku hiyo hakuwepo kabisa." Akatoa kwenye faili fomu ya dawa za usingizi, akaigeuza upande wangu. "Hii saini hapa chini ni ya nani?"

Ilikuwa ile ya mzee wetu: mviringo mkubwa na mkia unaotoka nje ya mstari. Naiona kila siku ya Mungu. Ningetaja jina, wangemtumia mtu kilimani, na kabla ya wiki kwisha angewaambia nani alikuwa kwenye ile meza, na meza ilivyotetemeka.

Nilikuwa nimeshasema kweli. Nilijiambia hivyo: nimeshasema, wao ndio wamekataa. Nikamfikiria Mama na majirani wake wote. Nikafikiria miaka minne. Hakuna aliyenisukuma.

"Haisomeki," nikasema.

Karani akaandika. Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, kwamba moyo wangu umeonekana, na kwamba utaandikwa kwenye ripoti.

Ijumaa, 16 Mei

Uamuzi umesomwa. Kibali cha kazi cha Namba Moja kimefutwa, na nakala imepelekwa uhamiaji ikaambatishwe kwenye ombi lake la uraia. Kwa ombi la miaka sita hilo ni kaburi. Ana siku thelathini za kuondoka nchini, kwenda nchi aliyoiacha akiwa hajui kufunga vifungo. Mkuu amepewa onyo la mdomo. Kitabu cha upasuaji kitabaki kama kilivyo, kwa heshima ya idara. Mimi naendelea.

Namba Moja alinikabidhi wodi saa nane mchana, kitanda kwa kitanda, kama kawaida. Wa tatu atolewe mpira wa mkojo kesho. Wa saba anasema hana maumivu lakini anadanganya. Tulipofika mwisho akakunja karatasi yake.

"Uliwaambia?" akauliza.

"Niliwaambia. Hawakuniamini."

"Nimesikia. Sista kanisimulia." Akanipa mkono. "Asante, Daktari. Sikukutegemea, nikiri. Mama yangu atakuombea."

Niliupokea mkono. Ungekuwa wembe ningeushika kwa raha zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, neno moja tu, na kamati ilikuwa bado inakunywa chai ghorofani. Nilisema, "Msalimie."

Bado naamini nchi ina haki ya kuchagua inamsomesha nani kwa fedha zake. Nimebishana na hilo wiki nzima na halijaondoka. Lakini waraka haukuniagiza kusema haisomeki. Hilo ni langu, nimelitunga mwenyewe, na nalichukia kuliko nilivyowahi kumchukia yeye.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imekatika. Hamsini na moja kitabuni.

Jumatatu, 26 Mei

Hospitali nzima inanipenda. Wauguzi wamenitengea kiti kwenye chumba cha chai. Mfagiaji, ambaye hakuwahi kuniitikia salamu, ameniambia watu kama mimi wamebaki wachache. Sista ananitetea kwa Mkuu, na leo alinisubiri na ndoo ya maji moto ninawe vizuri, kisha akasema mbele ya wanafunzi, "Huyu alikubali kuungua kwa ajili ya mwenzake. Nyie mngeweza?" Wanafunzi wakanitazama. Nikainamisha kichwa, na kuinama huko nako wakakuona ni unyenyekevu.

Mtu wa usingizi amerudi kazini. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nanawa, hana mzaha hata mmoja.

"Nimeambiwa jamaa amefukuzwa kwa ajili ya yule mama wa kidole tumbo," alisema. "Si tulikuwa mimi na wewe?"

"Niliwaambia ni mimi. Walikataa."

"Ndivyo nilivyosikia, na nimekusifu. Lakini kuna kitu sikielewi. Fomu yangu walikuwa nayo?"

"Walikuwa nayo."

"Sasa kwa nini hawakuniita?"

Maji yalikuwa yanatiririka viwikoni. Sista alikuwa nyuma yetu akipanga mikasi, na nilisikia mikono yake imesimama.

"Walisema saini haisomeki," nikamwambia.

"Waliikuta haisomeki wao, au walimuuliza mtu?"

Nilifunga bomba. Nikasema mgonjwa anasubiri.